Kutafuta Neno Uzeeni: Kufupisha Majaribio ya Kutaja Picha kwa Wazee wa Kwale

Kiswahili kina neno maalumu linalosimama mahali pa neno lililokataa kuja. Neno hilo ni nanihii. Bibi kizee aliyeketi katika jiko la makuti huko Gazi au Bodo anapomwambia mjukuu wake, "Hebu niletee hiyo nanihii, hiyo ya kukunia nazi," hakuna jikoni asiyejua kinachotakiwa. Kifaa anakijua, kazi yake anaijua, mkono ameshaunyosha. Kilichokosekana ni umbo la jina tu, yaani zile sauti m-b-u-z-i ambazo amezitamka maelfu ya mara tangu utotoni. Dakika moja baadaye jina linarudi lenyewe, naye anacheka.

Swali linalowashughulisha matabibu na wanaisimu ni hili: nanihii ya namna hiyo ni ya kawaida hadi kiwango gani, na ni wakati gani inapoashiria maradhi? Watu wote husahau majina, na wazee husahau zaidi ya vijana, hususan majina ya watu na ya vitu visivyotumika kila siku. Hiyo ni sehemu ya uzee. Lakini kutoweka kwa majina ni miongoni mwa dalili za mapema za dimenshia, hasa ile inayosababishwa na maradhi ya Alzheimer, na pia ni dalili inayobaki kwa wengi waliopatwa na kiharusi. Wataalamu huiita hali hiyo anomia. Ili kuitenga na usahaulifu wa kawaida, njia iliyozoeleka ni rahisi kuieleza: mzee huonyeshwa picha moja baada ya nyingine, naye huombwa ataje jina la kila anachokiona.

Njia hiyo ni rahisi kuieleza tu. Makala hii inajadili ugumu wake pindi inapoletwa katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Ukunda kupitia Msambweni hadi Shimoni na Vanga, na inaeleza kwa nini kazi ya kulifupisha jaribio la aina hii si ya tabibu peke yake. Sehemu kubwa yake ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili.

Jaribio la Boston na safari zake

Jaribio linalojulikana zaidi ulimwenguni ni lile la Boston, lililotayarishwa Marekani na Edith Kaplan, Harold Goodglass na Sandra Weintraub, na kuchapishwa mwaka 1983 likiwa na picha 60 zilizochorwa kwa mistari ya rangi nyeusi. Picha zimepangwa kuanzia ile iliyodhaniwa kuwa nyepesi kabisa, kitanda, hadi ile iliyodhaniwa kuwa ngumu kabisa, abakasi. Mjibuji hupewa hadi sekunde 20 kwa kila picha. Akikwama kwa sababu ameifahamu picha vibaya, huelezwa kwa maneno kitu hicho ni cha aina gani. Akiendelea kukwama, hutajiwa sauti ya mwanzo ya jina.

Msomaji na apige hesabu. Mtu anayekwama katika kila picha angemaliza sekunde 1,200, yaani dakika 20 za kungoja tu, kabla ya kuhesabu maelezo na vidokezo. Kwa hiyo jaribio lina kanuni ya kusimama baada ya makosa kadhaa mfululizo. Hata hivyo, kwa mtu wa miaka 75 aliyefika kliniki alfajiri kwa matatu, akakaa kwenye foleni, na ambaye huenda ana mtoto wa jicho, picha 60 ni nyingi. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani na saa ni tisa mchana, ni nyingi kupita kiasi. Kinachopimwa mwishoni si neno tena bali ni uchovu.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakilipunguza jaribio hilo. Wapo waliochukua picha za nambari shufwa au witiri na kupata majaribio mawili ya picha 30. Wapo walioligawa mafungu manne ya picha 15 kila moja. Nchini Korea mambo yalikwenda kwa hatua mbili zinazofaa kuzingatiwa. Kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, Kim Hyanghee na Na Duk-Lyul walitayarisha toleo la Kikorea lenye picha 60 ambamo picha zilichaguliwa na kupangwa upya kulingana na uzoefu wa Wakorea wenyewe, si kwa kutafsiri orodha ya Boston. Baada ya hapo ndipo yalipotokea matoleo mafupi ya picha 15. Mpangilio huo una maana: waliifahamu kwanza orodha ndefu katika lugha yao, kisha wakaipunguza. Anayetaka kuanza na orodha fupi ya wengine na kuitafsiri ameruka hatua ya kwanza, na hakuna hesabu itakayomwokoa baadaye.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake, ingawa haihusu jambo hili moja kwa moja. Katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na mwaka 2013 wakatoa makadirio kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa rika hilo walikuwa na dimenshia. Kutokana na kazi hiyo ya Hai kulizaliwa kipimo kifupi cha vipengele sita, kilichopewa jina la IDEA, ambacho hakimdai mzee kusoma wala kuandika. Vipengele hivyo vilipatikana kwa kuchuja majaribio marefu zaidi na kubakiza yale yaliyowatenganisha vyema wagonjwa na wazima. Huko Kilifi nako, kaskazini ya Mombasa, lilitungwa jaribio la kutaja picha lililofuata mfano wa lile la Boston likiwa na vitu vya mazingira ya pwani. Lakini hilo lilikusudiwa watoto wa umri wa shule, na mtoto anayejifunza majina si sawa na mzee anayeyapoteza.

Kinachohesabiwa kinapopunguzwa

Kabla ya kuingia katika mambo ya Kwale, inafaa kueleza kwa nini kufupisha si kukata tu. Jaribio refu lina faida moja kubwa: makosa ya bahati hufutana. Mzee aliyekohoa wakati wa picha ya tano, au aliyekengeushwa na simu ya jirani, hupoteza alama moja kati ya 60. Katika jaribio la picha 15, alama hiyo moja ina uzito mara nne. Mwaka 1910 Charles Spearman na William Brown, kila mmoja kwa upande wake, walitoa kanuni ya kukadiria hasara hiyo. Tuseme jaribio la picha 60 lina kiwango cha uthabiti cha 0.90, ambapo 1 ni ukamilifu. Likikatwa nusu bila ya uteuzi wowote, uthabiti huteremka hadi 0.82 hivi. Likikatwa hadi picha 15, huteremka hadi 0.69. Kwa kipimo kinachoweza kumtia mtu katika daftari la wagonjwa, 0.69 ni haba.

Hasara hiyo hupunguzwa kwa kuchagua. Picha ambayo kila mzee huitaja, mgonjwa na mzima, haifundishi chochote, na picha ambayo hakuna anayeitaja haifundishi chochote vilevile. Hizo huondolewa pasipo majuto. Zinazobakizwa ni zile ambazo mzima huzitaja na aliyeanza kupungukiwa huzikosa, na ambazo ugumu wake umetawanyika kutoka wepesi hadi uzito. Kwa uteuzi wa aina hiyo picha 15 zinaweza kufanya kazi inayokaribia ile ya picha nyingi zaidi. Isitoshe, takwimu za uteuzi hutoka kwa watu fulani wa mahali fulani. Picha iliyowatenganisha wazee wa Massachusetts haina sababu ya kuwatenganisha wazee wa Msambweni.

Ni rahisi kuona kwa nini. Ndani ya orodha ya Boston mna nyumba ya barafu ya Waeskimo, mnyama anayejenga mabwawa kwa magogo, mboga ya asparaga, kinubi, na sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba. Mzee wa Mwabungu asiyezitaja hizo hakupoteza neno, kwani hakuwahi kuwa nalo. Upande wa pili, orodha hiyo ina pweza. Huko Boston pweza ni mnyama wa vitabuni na wa mkahawani. Msambweni, ambako maji yakitoka wanawake hushuka mwambani na vyuma vyao kumtafuta pangoni mwake, pweza ni kitoweo na ni fedha, na jina lake halipotei hadi mambo yaharibike sana. Picha ni ileile, ila ugumu wake umepinduka.

Jina moja au majina matano

Kaunti ya Kwale ilikuwa na watu 866,820 katika hesabu ya mwaka 2019, na lugha zao si moja. Wadigo wameenea ukanda wa pwani na Matuga, Waduruma wako hasa upande wa Kinango, na Wavumba wako Wasini na Vanga pamoja na lahaja yao ya Chivumba. Wapo Wakamba wa Shimba Hills, na wapo Wamakonde, ambao walitambuliwa rasmi kuwa raia wa Kenya kuanzia mwaka 2016. Wote hao hukutana katika Kiswahili, lakini si Kiswahili kimoja. Mzee wa Vanga anakaribiana kwa usemi na mwenzake wa Tanga, ilhali anayeishi Ukunda amesikia Kiswahili cha Mombasa, cha Nairobi, na cha mahoteli.

Wanaotayarisha majaribio ya picha huanza kwa kupima kitu kinachoitwa mwafaka wa jina: kati ya watu mia moja waonao picha, wangapi hutoa jina lilelile? Joan Snodgrass na Mary Vanderwart walifanya hivyo Marekani mwaka 1980 kwa picha 260, na tangu hapo hakuna jaribio la kuaminika linalotungwa pasipo hatua hiyo. Kwa Kwale mwafaka wa jina ni kitendawili. Mnyama mkubwa wa hifadhi ya Mwaluganje ni ndovu kwa wengi wa pwani na ni tembo kwa wengine, na hakuna aliyekosea, ingawa katika nchi ya minazi tembo pia ni kinywaji. Kitambaa cha wanawake chenye maandishi ni leso upande wa Kenya na ni kanga upande wa Tanzania, na Lungalunga iko mpakani. Chombo cha kupepetea ni ungo kwa huyu na uteo kwa yule. Mtego wa samaki wa fito ni dema au lema. Mtahini aliyepewa karatasi yenye jibu moja tu la "sahihi" atamkata alama mzee ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha aliyeandika karatasi.

Kuna na tatizo la kinyume, la neno moja lenye vitu viwili. Mbuzi ni mnyama na ni kifaa cha kukunia nazi. Buibui ni mdudu na ni vazi. Kipepeo huruka bustanini na pia huchochea moto wa makaa. Kifaru ni mnyama na ni gari la vita. Mwari ni ndege na ni msichana wa unyago. Homonimia ya aina hii si kosa katika jaribio, lakini huathiri kasi: neno ambalo umbo lake hutumika mara nyingi kwa maana nyingine hukumbukwa upesi zaidi kuliko wingi wa matumizi ya maana iliyochorwa ungeashiria. Anayekadiria ugumu wa mbuzi ya nazi kwa kuhesabu mara ngapi neno mbuzi limeandikwa atakuwa amehesabu mifugo.

Hapa linajitokeza suala la hesabu za maneno kwa jumla. Lugha zenye maandishi mengi hukadiria ugumu wa jina kwa wingi wa kutokea kwake matinini. Kiswahili kina mkusanyiko mkubwa wa matini uliotayarishwa Chuo Kikuu cha Helsinki, na ni hazina ya thamani kwa mwanaisimu. Lakini matini yake kwa sehemu kubwa ni magazeti na vitabu. Waziri, bunge na uchaguzi humo ni maneno ya kila siku, ilhali kifumbu, upawa na kawa ni nadra. Katika jiko la mzee wa Funzi mambo ni kinyume kabisa. Badala ya kuhesabu magazeti, afadhali kuwauliza wazee wenyewe, wazima wa afya, kila kitu wanakiona au kukishika mara ngapi na walikijua wakiwa na umri gani. Utafiti katika lugha mbalimbali unaonyesha kwamba majina yaliyojifunzwa mapema maishani ndiyo yanayodumu zaidi.

Kuhusu lugha mbili katika kichwa kimoja, jambo la kuamua ni kama jibu la Chidigo lihesabiwe pale mtahini anapouliza kwa Kiswahili. Tamar Gollan na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2007 juu ya wasemaji wa Kihispania na Kiingereza nchini Marekani, walionyesha kuwa mtu wa lugha mbili hupata alama pungufu akifungwa katika lugha moja, na kwamba kumpa haki ya kujibu kwa yoyote kati ya hizo huongeza alama zake, hasa kama lugha zote mbili amezimudu kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa Kwale hoja hiyo ina nguvu mara mbili. Kiswahili na Chidigo ni ndugu wa tawi moja la Kisabaki, na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilieleza tawi hilo kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1993. Anayesema chitswa badala ya kichwa, au matso badala ya macho, ametoa neno lilelile kwa sauti za kwao. Mara nyingine haiwezekani hata kusema jibu ni la lugha gani, kwa kuwa nyumba ni nyumba kotekote. Kumnyima mzee alama kwa ajili ya mpaka ambao ulimi wake hauujui ni jambo lisilo na maana ya kitabibu. Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato, iliyotolewa mwaka 2004, ingepaswa kuwa mezani mwa kila anayeandika orodha ya majibu yanayokubalika.

Kidokezo kinapokuwa kiambishi

Sehemu ya jaribio la Boston inayovunjika vibaya zaidi inapoingia Kiswahili ni ile ya kidokezo cha sauti, na ajabu ni kwamba mara nyingi haitajwi. Mwingereza aliyekwama katika picha ya msumeno hutajiwa sauti ya kwanza, na sauti hiyo ni mlango wa neno lenyewe. Nomino ya Kiswahili mara nyingi haianzi na mzizi. Inaanza na kiambishi cha ngeli. Mtahini akisema "ki..." hajadokeza kifumbu; amedokeza kiti, kisu, kikapu, kijiko, kinu, na mamia mengine. Akisema "m..." hajasema kitu. Kidokezo chenye uzito sawa na kile cha Kiingereza ni kiambishi pamoja na mwanzo wa mzizi: "kifu..." kwa kifumbu, "mke..." kwa mkeka. Kwa Mdigo itakuwa "chi..." pamoja na kinachofuata, na mtahini asiyejua hilo atakuwa anamdokeza mzee kwa sauti ambayo katika lugha yake neno hilo halianzi nayo.

Linafuata tatizo jingine. Kisu, kinu, mchi na mti zina mizizi ya silabi moja. Ukiongeza silabi ya mzizi juu ya kiambishi umelitaja neno zima. Nomino hizo haziwezi kudokezwa kwa haki, na katika orodha fupi ya picha 15, ambamo kila picha inapaswa kutoa habari zote inazoweza, ni afadhali nafasi zao zichukuliwe na konokono, kikapu, jahazi, nanga na mfano wa hizo. Uamuzi huu hautokani na takwimu. Unatokana na mofolojia, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu anaweza kuufanya.

Ngeli, kwa upande mwingine, inampa mtahini wa Kiswahili kitu ambacho mwenzake wa Kiingereza hana. Mwaka 1995 William Badecker na wenzake walieleza habari za mgonjwa Mwitalia ambaye, hata alipokuwa hawezi kulipata jina, aliweza kusema kwa usahihi kama lilikuwa la jinsia ya kike au ya kiume. Ilionekana kwamba sarufi ya neno na sauti za neno hazihifadhiwi pamoja. Kiswahili hudhihirisha jambo hilo bila ya kuuliza. Mzee anayesema "ule... ule wa kutwangia" amelipoteza umbo mchi, lakini upatanisho wake unaonyesha kwamba ngeli bado anayo. Aliyesema "kile cha kutwangia" haonyeshi hivyo, maana huenda ki- yake inapatana na neno kitu tu. Tofauti kati ya ule na kile hapo ni silabi moja, na ni habari muhimu juu ya mahali neno lilipokwama. Fomu iliyotafsiriwa haina nafasi ya kuiandika.

Hata maelezo ya mzunguko yanahitaji sikio la Kiswahili. Kiswahili huunda majina ya ala kutokana na vitenzi: kifuniko kutokana na funika, ufunguo kutokana na fungua, kifagio kutokana na fagia. Mzee aliyekosa neno anaweza kujiundia lake papo hapo, na lifanane sana na neno halali. Je, hilo ni kosa, au ni ushahidi wa akili inayofanya kazi? Lililo jema ni kuandika alichokisema neno kwa neno, kisha kukipanga: anayesema "cha kukunia" anakijua kitu, anayeiita mbuzi ya nazi "kiti" huenda hakuiona vizuri, kwani kwa hakika ina umbo la kigoda, anayemwita ngamia "farasi" amekaribia kimaana na kukosa, na anayenyamaza kimya ni jambo jingine. Alama ya jumla huwafanya wote wanne kuwa sawa.

Picha, mkono na adabu

Wengi wa wazee wa Kwale waliozidi miaka 70 hivi leo walizaliwa kabla ya uhuru wa mwaka 1963, na elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2003, wakati ambapo wao walikuwa wameshapata wajukuu. Wanawake hasa hawakupelekwa shule. Hilo lina uzito kwa sababu kusoma mchoro wa mistari ni ujuzi unaofunzwa. Mwaka 2001 Alexandra Reis na wenzake waliripoti kutoka Ureno kwamba watu wasiojua kusoma walitaja vitu halisi vizuri kama waliosoma, ila walishindwa nao vitu hivyohivyo vilipochorwa. Mchoro mweusi wa kata ya maji, machoni pa bibi mwenye mtoto wa jicho, ni mstari uliopinda. Mwekee kata yenyewe mkononi.

Kwa hiyo lipo jambo la kupendekezwa kwa Kwale ambalo halina ugumu: badala ya kitabu cha michoro, kiwe kikapu cha vitu kumi na vitano, au vitu vichache pamoja na picha za rangi za vile visivyobebeka kama ndovu na jahazi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua kitabu cha jaribio kutoka ng'ambo.

Uteuzi wa vitu hivyo una mtego wake. Dema ni la wavuvi, na kifumbu ni cha jikoni. Orodha yenye zana nyingi za baharini itawaonea wanawake na itawaonea Waduruma wa Kinango, ambako bahari iko mbali na mifugo iko karibu. Palahala, yule paa mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, nchini Kenya hupatikana Shimba Hills tu, na jina lake litakuwa jepesi kwa mkaazi wa vilimani na gumu kwa mvuvi wa Shimoni. Watakwimu wana njia za kutambua swali linalopendelea upande mmoja hata pale alama za jumla zinapolingana. Njia hizo zahitaji majibu ya wazee wazima wa kutosha kutoka kila upande: wanaume na wanawake, pwani na bara, waliosoma na wasiosoma. Hiyo ndiyo ile hatua ya kwanza ya Wakorea, na kwa ajili yake yafaa kukusanywa vitu mia moja au zaidi ili vibaki kumi na vitano.

Jingine ni adabu, na si dogo. Mtahini, mara nyingi kijana wa umri wa wajukuu, anamwonyesha mtu mzima kijiko na kumwuliza, "Hiki ni nini?" Swali hilo pwani huulizwa mtoto anayeanza kusema. Yamkini mzee akajibu, "Kwani wewe hukijui?", akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaandikwa sifuri. Ni bora mtahini aanze kwa shikamoo, akae chini kama mwenyeji wake, na aeleze waziwazi kwamba vitu vingine ni vya kila siku na vingine vina majina yanayotofautiana toka mji hadi mji, na kwamba anataka kujua kwao vinaitwaje. Maelezo hayo ni ya kweli, na yanamrudishia mzee cheo chake cha mjuzi wa lugha.

Hata ikikamilika, orodha ya aina hiyo haitadumu. Nazi zinazokunwa kwa mashine zinauzwa sokoni Ukunda, na vijana wengi wa Diani wamezoea tui la pakiti. Watakapofika miaka 75 na kuwekewa mbele mbuzi ya nazi, wengi wao watasema "kigoda", na mtahini wa wakati huo atapaswa kujua kwamba hawajapoteza kitu.